Tulivyowakutanisha mabaharia wa DMI kwa siku mbili

Mabaharia hawapatikani wote nchi kavu kwa wakati mmoja. Ukilikubali hilo mapema, mkutano wa wahitimu wa chuo cha ubaharia unaandalika. Usipolikubali, utaahirisha na kuahirisha mpaka kamati ivunjike. Nasema hivi baada ya kuwa katibu wa kamati iliyoandaa wikiendi ya wahitimu wa Dar es Salaam Maritime Institute, chuo chetu cha pale Sokoine Drive. Sisi tunakiita DMI, wazee wetu bado wanakiita DMTU, kwa sababu kilianza 1978 kama kitengo cha mafunzo, Dar es Salaam Maritime Training Unit, kwa ushirikiano wa Tanzania na Norway, kisha sheria ya Bunge ya 1991 ikakifanya taasisi kamili. Kwa hiyo orodha yetu ya waalikwa ilianzia kwa wazee waliokuwa wakitafuta mahali meli ilipo kwa sekstanti na majedwali ya nyota, ikaishia kwa makadeti, yaani vijana wanaojifunza uofisa wa meli, waliozaliwa wakati kila meli kubwa inajua ilipo kwa setilaiti.

Kilichotusumbua kwanza ni tarehe. Ofisa hukaa melini miezi minne hadi sita, mabaharia wa sitaha na wa jikoni mara nyingi hufika tisa, na tarehe ya kushuka iliyoandikwa kwenye mkataba huwezi kuishika kama ahadi. Meli ikibadilishiwa safari, au anayekuja kukupokea akikwama kwa visa, wewe unaendelea na zamu. Sote tunaukumbuka mwaka 2020, bandari zilipofungwa kwa sababu ya korona na wenzetu wakakaa baharini zaidi ya mwaka mzima bila kukanyaga nchi kavu. Basi tukaacha kumuuliza kila mtu atakuwa nyumbani lini. Tukachagua wikiendi iliyo karibu na 25 Juni, Siku ya Mabaharia Duniani inayoadhimishwa tangu 2011, tukaitangaza mapema sana ili mwenye nafasi ya kuiomba kampuni yake likizo aiombe wakati wa kusaini, maana ukishapanda meli umechelewa. Watakaokuwa baharini siku hiyo tukawapangia namna nyingine ya kushiriki, nitaieleza.

Kuwapata watu wenyewe kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Kundi la WhatsApp lilikuwa na waliomaliza miaka ya karibuni tu. Mawazo yaliyotufungulia njia yalitoka kwa mtumishi mmoja wa masjala. Alituambia: "Dada, hawa watu wote wanarudi hapa wenyewe, nyie wasubirini." Na kweli. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, unamtaka baharia aonyeshe kila baada ya miaka 5 kwamba bado anaweza kujiokoa baharini na kuzima moto, hivyo wengi hurudi darasani kufanya tena mafunzo hayo. Tukaweka daftari mezani pale wanapojiandikisha: jina, mwaka uliomaliza, fani, uko meli gani au kazi gani, na jina la mwenzako mmoja unayejua alipo. Swali hilo la mwisho ndilo lililotuletea watu. Mmoja akimtaja rubani wa meli bandarini, rubani akimtaja fundi injini wa kivuko cha Kigamboni, fundi akimtaja nahodha aliyestaafu yuko Kigoma analima michikichi. Wa Zanzibar waliletana wao kwa wao. Wa Ziwa Victoria na Tanganyika walikuwa wamejiona wamesahauliwa, wakidhani mkutano ni wa watu wa meli za nje, na mimi binafsi nilipiga simu Mwanza na Kigoma kuwaomba waje. Mtu anayeendesha abiria ziwani usiku, na dhoruba za ziwa zinavyoinuka ghafla, ni baharia sawa na yeyote anayevuka Atlantiki.

Fedha. Kwetu michango tunaijua, kuanzia harusi hadi msiba, na kila mtu amewahi kuona orodha ikizungushwa kwenye kundi: fulani laki mbili, fulani elfu kumi. Nilisimama kidete orodha ya namna hiyo isiwepo. Chifu injinia wa meli ya gesi analipwa kwa dola, na kijana aliyemaliza miaka mitatu iliyopita anafundisha tuisheni Mbagala huku akisubiri meli. Ukiweka namba zao kwenye orodha moja, kijana haji. Tukatangaza kiwango kimoja, shilingi 50,000, na tukasema anayeweza amlipie kadeti mmoja au zaidi bila jina lake kutajwa. Mweka hazina akawa anatuma jumla tu kila Ijumaa, pamoja na picha za risiti: turubai, spika, mchele, mbuzi, usafiri. Sikusikia neno baya hata moja kuhusu pesa, na nimekaa kwenye kamati nyingi.

Jumamosi asubuhi tulianza kwa kusimama kimya. Mwalimu wetu mmoja mstaafu alisoma tarehe nne za ajali za meli: 21 Mei 1996, MV Bukoba. 10 Septemba 2011, MV Spice Islander. 18 Julai 2012, MV Skagit. 20 Septemba 2018, MV Nyerere. Hakuongeza hotuba. Ukumbini kulikuwa na watu waliokwenda kuopoa maiti, na wengine waliopoteza ndugu. Kisha akasoma majina ya wahitimu waliotangulia mbele ya haki, na familia zilizoweza kufika zikaombwa kukaa mbele.

Halafu zikaja sauti za walioko baharini. Tuliwaomba mapema watume ujumbe wa sauti wa dakika mbili, tukaukataa mpango wa kuwapigia simu moja kwa moja, kwa kuwa hakuna anayejua saa hiyo meli itakuwa wapi na mtandao ukoje. Tukawaomba pia wataje wanayetaka aalikwe kwa niaba yao. Chifu mmoja alijirekodi akiwa chumba cha kuongozea mitambo. Jenereta zilisikika nyuma yake muda wote. Alisalimia walimu, akamtaja mmoja kwa jina la utani, ukumbi ukalipuka. Kisha akasema, "Mama Salma, najua umekaa hapo. Asante kwa kunishikia nyumba." Mkewe alikuwa mstari wa tatu na watoto wawili. Yule mdogo alisimama juu ya kiti akawa anatafuta spika ilipo. Wanawake waliokuja peke yao kwa niaba ya waume zao walikuwa wengi, na nilipoona walivyoanza kubadilishana namba za simu pale pale, nilijua tumefanya vizuri kuwaalika kwa kadi zenye majina yao wenyewe, siyo "Bi. na Bw. fulani".

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali ukatibu. Anayesomea unahodha akimaliza darasa hajawa ofisa. Ili apewe cheti cha ofisa wa zamu, STCW inamtaka awe na miezi 12 ya kazi melini ndani ya programu iliyoidhinishwa, na daftari la mafunzo lililojazwa na kusainiwa na maofisa wa meli. Bila programu hiyo ni miezi 36. Nchi yetu haina meli nyingi za kumpokea kila kijana. Wapo waliofaulu vizuri wanaokaa nyumbani mpaka cheti cha afya kinaisha muda, wanakata kingine, nacho kinaisha. Mimi nilikaa hivyo. Aliyenitoa ni mhitimu aliyenitangulia, ambaye hakuwa ndugu yangu. Alinipokea kwenye tagi ndogo ya pwani, yaani meli ya kuvuta meli nyingine, na saini zangu za kwanza zilitoka hapo.

Kwa hiyo mchana wa Jumamosi hatukuweka mada za kusomewa. Tuliweka meza. Kila meza kapteni au chifu mmoja, ofisa mmoja kijana, na makadeti wanne au watano na mabahasha yao. Kazi yao ilikuwa kupitia karatasi moja moja: pasipoti ina muda wa kutosha? Kitabu cha ubaharia kipo? Kadi ya homa ya manjano? Vyeti vya msingi vyote, yaani kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa mtu na wenzake, vinasoma jina lile lile lililo kwenye pasipoti? Kwenye meza niliyokaa, kijana mmoja jina la babu liliandikwa kwa herufi moja tofauti. Kapteni alimwonyesha, akamwambia, "Mwanangu, Jumatatu asubuhi anza na hili kabla hujaandika barua nyingine yoyote." Kwa herufi hiyo angeweza kuzuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa nyumbani.

Meza nyingine ilitokea jambo zito zaidi. Binti mmoja alitoa ujumbe kwenye simu yake kutoka kwa mtu anayejiita wakala, anayedai mamilioni ya shilingi ili ampatie meli, na nusu ya hela hiyo familia ilikuwa imeshaitafuta. Chifu ofisa aliyekuwa hapo aliusoma ujumbe kwa sauti ili meza zote zisikie, kisha akaeleza kinachosema Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006: baharia halipishwi ada ya kutafutiwa kazi. Anachogharamia ni cheti cha afya cha kisheria, kitabu cha ubaharia, na pasipoti au hati za safari kama hizo; visa ni juu ya mwenye meli. Anayekuomba zaidi ya hapo, mwulize leseni yake na jina la meli, uchunguze meli hiyo kama ipo. Ukumbi ulinyamaza, kisha mikono ikainuka. Waliokwisha kuombwa pesa walikuwa zaidi ya mmoja. Nilifurahi sana kwamba jambo hili lilisemwa na mtu mwenye mistari mabegani, mbele ya wazazi waliokuwepo, kwa sababu mzazi akisikia kwa kijana wake hudhani kijana anakata tamaa tu.

Jumapili tulivuka na kivuko kwenda Kigamboni, ufukweni. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, pilau, pweza, taarabu kidogo, na watoto wengi. Lakini kilichowakusanya watu wote ni chelezo cha kuokolea, kile cha mpira kinachojijaza gesi. Tuliazima kilichokwisha muda wake wa kutumika melini, tukakipindua makusudi kwenye maji ya kifuani. Kusi ilikuwa inavuma, na hiyo ndiyo hali tuliyoitaka.

Mzee mmoja aliyesoma enzi za DMTU, ana zaidi ya miaka sitini, alivua viatu akaingia na jaketi lake la kuokolea. Alisubiri vijana wahangaike kwanza. Watatu walikuwa wanavuta kutoka upande usiofaa, upepo unakikandamiza chelezo kinarudi. Akawaambia wakae pembeni. Akakizungusha taratibu mpaka mtungi wa gesi ukawa upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, akapanda akasimama juu ya mtungi akiuelekea upepo, akashika mkanda uliopita chini ya chelezo, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Upepo ukaingia chini ya ukingo wa mbele, chelezo kikainuka, kikageuka, kikamfunika. Watoto wakapiga kelele. Yeye akatokea upande wa pili akiogelea chali, uso juu, akiwa ametulia kabisa. "Ukiogelea kifudifudi," alisema akipangusa maji, "jaketi linakubandika chini ya sakafu. Geuka chali, jivute kwa mikono utoke." Kisha akamwita yule binti wa jana, wa wakala. Alikuwa mdogo wa umbo, na wavulana walikuwa wamemwambia hataweza. Mara ya pili alikigeuza peke yake. Nguvu ya kukigeuza inatoka kwenye upepo, ukijua pa kusimama.

Wake wa mabaharia nao waliomba kujaribu. Hilo hatukulipanga. Mama Salma aliingia na dera lake na jaketi juu, na nadhani hiyo ndiyo picha iliyotumwa zaidi kwenye meli za watu wiki ile.

Tangu hapo kamati imebaki hai kwa kazi mbili tu. Daftari la masjala linaendelea kujazwa, na lina safu mpya: je, meli yako inapokea kadeti, na wa kuandikiwa ni nani? Mpaka ninapoandika, wachache kati ya waliokaa kwenye zile meza wamepata nafasi, wengi kwenye tagi na meli za pwani, mmoja kwenye meli ya makasha. Wengi bado wanasubiri, na tunapitia karatasi zao kila vyeti vinapokaribia kuisha. Familia ya yule binti ilisitisha malipo. Yeye sasa yuko kwenye orodha ya juu ya majina tunayoyapeleka.

Watu wa ziwa wamedai mkutano ujao ufanyike Mwanza, na baadhi ya wenzangu wa Dar wanalalamikia nauli. Mimi nimepiga kura ya Mwanza. Chelezo tutakisafirisha kwa lori.