Mjane alilia kwa sauti, hakujificha na deni lake

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nilikua nimejiandaa tuendelee na matunda ya Roho tulipoishia, ila naomba mnivumilie, wiki hii moyo wangu umekaa sehemu nyingine kabisa na nikilazimisha kuandika yale ntakua naandika tu.

Jumanne mchana imeingia mesej kwenye simu yangu, namba siijui, imetaja jina la dada yetu mmoja tunayeabudu naye, majina yote matatu, kwamba ni tapeli, amekopa hela na kukimbia, na mimi kama mtu wake wa karibu nimwambie alipe kabla ya saa kumi la sivyo picha yake itasambazwa. Sijawahi kumdhamini popote. Ni zile apu za mikopo, ukishaipakua ukabonyeza kukubali inabeba namba zote zilizoko kwenye simu yako, siku ukichelewa rejesho wanaanza kuwatumia watu wako mmoja mmoja. Kwahiyo mesej ileile imeenda kwa mama mkwe wake, kwa wanakwaya wenzake, mpaka kwa mwalimu wa mtoto. Jumatano hakuja kwenye maombi, simu imezimwa. Na nikakaa na simu mkononi sijui hata nikimpata nianze na neno gani, maana ukimwambia mtu pole na deni ni kama unamwambia na mimi nimeshajua.

Usiku nikafungua 2 Wafalme 4, habari ya yule mjane tunayoijua wote. Mara nyingi ikihubiriwa tunakimbilia kwenye mafuta, muujiza, vyombo vikajaa, watu wanashangilia. Safari hii nimekwama mstari wa kwanza. Mama anamlilia Elisha, anasema mume wangu amekufa, na wewe unajua alikua mcha Bwana, na anayetudai amekuja kuchukua wanangu wawili wawe watumwa.

Mume alikua mcha Bwana na amekufa na deni. Hilo tulishike kwanza, maana tuna tabia kanisani ya kumwona mwenye madeni kama mtu aliyelaaniwa au ana roho ya umaskini, anatakiwa akafunguliwe. Huyu alikua miongoni mwa wana wa manabii! Biblia haijasema alikopa ya nini na Elisha hakuuliza. Angeweza kuuliza, mlikua mnakula nini mpaka mkafika hapa, mbona hamkuniambia mapema, mbona mlikopa kwa mtu wa aina hiyo. Hakuuliza hata moja. Alisema nikufanyie nini, alafu akasema "Niambie, una kitu gani nyumbani?"

Na mama mwenyewe tumtazame. Hakusema tu naomba mniombee kuna jambo. Alitaja deni, akataja mwenye kudai kafika hatua gani, akataja na anachotaka kukichukua. Alafu Elisha anamwambia nenda kaazime vyombo kwa jirani zako wote, vitupu, na visiwe vichache. Jamani fikiria mtaa mzima unaona mjane anazunguka nyumba hadi nyumba anaazima masufuria na mitungi mitupu, nani hatauliza? Mungu angeweza kumpa fedha usiku kimyakimya mlango umefungwa asubuhi akaamka imeisha. Lakini njia aliyompitisha ilianzia kwenye kusema na ikapitia kwa majirani. Mimi nilivyolisoma hili usiku ule nililia, kwasababu nilijua dada yetu amebeba hili jambo miezi huku anaimba na sisi kila Jumapili, na hakuona hata mlango mmoja kati yetu wa kugonga.

Kwahiyo kabla sijasema na wenye madeni naomba niseme na sisi wengine, na ntasema wazi.

Uliyepokea ile mesej ukaifowadi, ifute. Ukaweka na emoji ya mshangao kwenye grupu ukaandika "tuombe", hukua unaomba wewe, ulikua unasambaza. Mfuate yule uliyemtumia umwambie afute na yeye, alafu ukamwombe dada msamaha. Mungu aliwawekea Israeli sheria katika Kumbukumbu la Torati 24 kwamba ukimkopesha jirani yako usiingie ndani kwake kuchukua rehani, simama nje, mwenyewe akutolee. Hata mwenye haki ya kudai, Mungu anamwambia simama nje! Kizingiti cha maskini kina heshima mbele za Mungu. Sasa sisi ambao hata hatumdai mtu senti tano tumeingia mpaka chumbani kwake.

Na kuna jambo ambalo tunaliogopa kulisema. Wapo miongoni mwetu wanaokopesha kausha damu. Unachukua laki moja mwisho wa mwezi unarudisha laki na thelathini, ukichelewa riba inazaa riba, wanakuja kubeba godoro na jiko la gesi. Wapo wanaoshika kadi za benki za walimu, mshahara ukiingia wanautoa wao kwanza mwenye mshahara anapewa kilichobaki. Wapo wanaomsainisha mtu mwenye shida mkataba wa kuuza kiwanja wakati amekuja kukopa, akikwama kiwanja kimeshaondoka kisheria. Alafu Jumapili tunakaa benchi moja. Nehemia alipowakuta ndugu wanatozana riba mpaka watu wameweka rehani mashamba na nyumba na watoto wameingia utumwani, alikasirika sana, akaitisha mkutano mkubwa, akawaambia rudisheni mashamba, rudisheni nyumba, leo hii (sura ya 5). Hakusema tuwaombee wakopeshaji. Ndugu yangu kama biashara yako ni hii nakusihi kwa upendo wa Kristo, fungu la kumi la hiyo riba Mungu hana shida nalo, anataka godoro la yule mama lirudi.

Na wachungaji wetu nawaheshimu sana na mnajua, ila mtu akija na deni tusimwambie apande mbegu, yaani atoe sadaka, ndio deni lifutike. Elisha hakuchukua hata kikombe kimoja cha yale mafuta. Alimwambia kauze, lipa deni, yatakayobaki uishi wewe na watoto.

Sasa nije kwako mpendwa unayedaiwa. Najua unavyolala. Najua ile ya kuangalia namba mpya inaita unaiacha iite mpaka ikatike, na ile ya kuondoka nyumbani asubuhi siku ya rejesho unawaachia watoto waseme mama hayupo. Nimepita hapo. Mwaka ule baba watoto alipofanyiwa upasuaji tulidaiwa kikoba, tulidaiwa dukani, ada ilikua haijalipwa, na kuna mtu binafsi tulichukua kwake hela ya riba siku ambayo hospitali walitaka hela kabla ya saa sita. Kilichonitoa sio hela iliyodondoka. Ni mama mchungaji aliyenikalisha kwenye mkeka akaniambia taja wote, akaandika kwenye daftari la mtoto la shule, jina, kiasi, riba, lini. Nilikua naogopa jumla. Ilipojumlishwa ilikua kubwa kweli lakini kwa mara ya kwanza ilikua na mwisho.

Alafu akaniambia maneno ya Bwana mwenyewe, "Patana na mshitaki wako upesi, wakati uwapo pamoja naye njiani". Upesi, na ukiwa bado njiani, kabla hamjafika kwa hakimu. Akanisindikiza. Wa dukani alikubali nilipe kidogo kidogo kila mwisho wa wiki, tena akaniambia mbona hukuja siku zote. Kikoba walisogeza marejesho wakaondoa faini. Yule wa riba alitutukana mbele ya watu na hakupunguza kitu siku ile, nasema ukweli msije mkadhani kila mlango unafunguka. Tulirudi, tukarudi tena, mwishoni akakubali tulipe kiasi kinachojulikana tumalizane, tukaandikishana mbele ya mjumbe. Ilichukua zaidi ya mwaka. Lakini usingizi ulirudi wiki ileile niliyoanza kuwafuata, wala sio siku nilipomaliza kulipa.

Kwahiyo usisubiri wakufuate, wafuate. Mithali 6 inamwambia aliyenaswa kwenye dhamana asiyape macho yake usingizi, aende akanyenyekee akamsihi mwenzake. Nenda na kiasi unachokiweza kweli, sio cha kumfurahisha, maana ukiahidi elfu hamsini ukaleta kumi umejiharibia zaidi kuliko ungeahidi kumi ukaileta. Kama ni benki au SACCOS nenda mapema kabla hujapitisha rejesho, ongea na afisa mikopo, omba waongeze muda ili rejesho lipungue, hilo lipo na wanalifanya, wewe sio wa kwanza. Omba taarifa ya deni ya maandishi uone mtaji ni kiasi gani na riba na faini ni kiasi gani. Mkikubaliana jambo jipya liandikwe. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu na mesej za muamala usifute hata moja. Na tafadhali, usikope huku ukalipe kule! Watu wengi sana deni la kwanza lilikua dogo la kulipika, waliozama wamezamishwa na la tatu na la nne walilochukua kuziba la kwanza.

Kuna mambo ya sheria pia mcha Mungu anatakiwa ayajue, kujua haki yako sio kukosa imani, Paulo mwenyewe alisema mimi ni Mrumi. Hapa Tanzania kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni hizi za mikopo midogo. Linganisha na ile thelathini. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Kabla hujaipa apu namba za watu wako angalia kama ina leseni. Na kama wameshaanza kukudhalilisha kwa ndugu na marafiki piga picha zile mesej uzitunze, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kuna Tume inapokea malalamiko, na Benki Kuu nayo inapokea. Mtu akikutishia polisi kwasababu tu umechelewa kulipa, deni la kawaida ni shauri la madai, sio la jinai, nenda kwa wasaidizi wa kisheria wilayani wakuelekeze, hawatozi hela.

Ila sisemi haya ili mtu apate kichaka cha kutolipa. Zaburi 37 inasema asiye haki hukopa wala halipi. Mtaji uliouchukua ni wa mtu, ulipe, hata kwa mkopeshaji mbaya, ukikataa dhuluma usikatae na deni. Yule mjane alipata muujiza na hela ya kwanza ya muujiza ikaenda kwa anayemdai, hakununua hata kanga kwanza.

Mambo ya kubana matumizi na michango ya sherehe tutayasema siku nyingine, yana uzito wake (na kamati za harusi zinisamehe mapema).

Leo ninachokulilia ni kimoja, usibaki peke yako na hili jambo. Wale waliomfuata Daudi kwenye pango la Adulamu, neno linasema kila aliyekua na dhiki na kila aliyekua na deni na kila mwenye uchungu moyoni walikusanyika kwake, na akawa mkuu wao, hakumfukuza mdaiwa. Sisi ni wa Mwana wa Daudi! Inakuaje mdaiwa akimbie kutoka kwetu badala ya kukimbilia kwetu? Kama unawaza kujidhuru kwasababu ya madeni, na najua wapo wanaowaza, naomba usisubiri kesho, mwamshe mtu hata kama ni saa nane usiku, nyumba yangu inajulikana. Uhai wako haujawekwa rehani kwa mtu yeyote.

Nimeongea na mama mchungaji. Jumatano hii baada ya maombi tutabaki wachache kwenye chumba cha watoto, wawili kati yetu wamefanya kazi ya mikopo benki na wanajua namna ya kuandika barua ya kuomba kuongezewa muda. Njoo na mikataba yako na simu yako. Ukiona aibu kuja njoo mapema kabla watu hawajafika, ntakua nafagia. Hatutoi hela, tusije tukadanganyana, ila tutakaa na wewe tuandike, na siku ukienda kwa anayekudai mmoja wetu atakusindikiza. Na wewe uliye na nafasi, tunahitaji watu wawili zaidi wa kusindikiza, wenye uwezo wa kufunga mdomo. Nitafute inboksi.