Nilivyofika Kilomita 21 bila kuzichosha figo tena

Kuna ushauri unaonikera mpaka leo: vaa koti la nailoni, ukimbie juani, "jasho litoe sumu". Jasho ni maji yanayotoka kwenye damu. Kazi ya kuchuja taka ni ya figo, na figo zinaifanya kwa damu hiyohiyo. Ukiwa umekaa, karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupitia kwenye figo. Ukianza kukimbia misuli inadai damu. Jua likikuwakia, ngozi nayo inadai ili ipoze mwili. Figo zinaachiwa makombo, na ukikausha mwili kwa nailoni hata makombo yanapungua.

Ilikuwa Januari, kaskazi imekolea hapa Tanga, nami najiandaa kwa Kilomita 21 za Moshi. Mbio hizo huangukia mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, kwa hiyo sisi wa pwani mazoezi mazito tunayafanya kwenye joto baya kuliko yote. Mzee mmoja wa jogingi akaniambia, "Mdogo wangu, funga nailoni, meza diklofenaki mbili za maumivu kabla hujatoka, na maji usiyaguse njiani, utashikwa na kichomi." Nikayafuata yote matatu. Nikatoka Ngamiani saa tatu asubuhi, nikashika barabara ya Pangani, nikageuza. Saa moja na dakika arobaini. Mizani ilisoma 71.4 kabla, 68.6 baada. Kilo inayopotea kwa muda mfupi hivyo ni sawa na lita moja ya maji, basi nilimwaga karibu lita tatu, asilimia 4 ya mwili wangu. Kiu nikaizima kwa soda mbili za baridi. Alasiri yote sikukojoa. Jioni mapaja yalikuwa magumu kama ubao, na mkojo ulipotoka, kidogo tu, ulikuwa rangi ya juisi ya ukwaju.

Zahanati kipimo cha kijiti kikasema kuna damu. Mtu wa maabara akautazama mkojo kwenye hadubini, chembe nyekundu hakuna. "Kaka, hii si damu, ni misuli yako." Misuli ikizidiwa na kazi na joto hupasuka na kumwaga myoglobini, protini nyekundu inayotunza oksijeni, na kijiti hakiwezi kuitofautisha na damu. Ikikuta mkojo mchache na mzito, inaganda ndani ya vifereji vya figo na kuviumiza. Kriatinini yangu, taka ya misuli ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, ilikuwa mikromoli 176 kwa lita, wakati mwanaume mzima kwa kawaida huwa kati ya 60 na 110 hivi. Siku mbili za dripu, elfu themanini na kitu.

Diklofenaki ndiyo iliyofunga mlango. Damu ikipungua, figo hutengeneza prostaglandini za kushikilia wazi mishipa inayoziletea damu, na dawa hiyo, sawa na ibuprofeni, inazuia zisitengenezwe. Soda nayo si mbadala wa maji. Watu waliofanyishwa kazi kwenye joto huku wakinywa vinywaji vya sukari walionyesha dalili za figo kuteseka zaidi kuliko waliokunywa maji.

Mwaka uliofuata nilianza upya, na nilianza na mizani. Kojoa, vua nguo, jipime. Kimbia saa moja, jifute jasho, jipime tena. Tofauti ya uzito ongeza na ulichokunywa, hilo ndilo jasho lako la saa moja. Mimi saa kumi na mbili asubuhi natoka lita 1.3. Sirudishi yote, nakunywa kama lita 0.7 kwa saa na kuhakikisha sipungui zaidi ya asilimia 2. Na mizani ikionyesha umeongezeka baada ya mbio, umekunywa kupita kiasi: chumvi ya damu inazimuliwa, kichwa kinauma, mtu anachanganyikiwa, hata degedege linaweza kumpata. Kwa hiyo hao wanaosema "kunywa galoni" nao siwasikilizi.

Sasa maji utayabebaje? Hapa ndipo ninapojisifu kweli. Niliacha njia ndefu ya kwenda na kurudi, nikachora mzunguko wa kilomita tatu na nusu kule Raskazone, nikaupita mara sita. Chupa za nusu lita nazilaza ubavuni kwenye friza usiku, zimejaa nusu, alfajiri nazijaza maji. Namwachia mama wa chapati pembeni ya barabara, na kila nikipita napiga mafunda manne, matano. Mzunguko wa nne naichukua ile yenye barafu zaidi naifunga kwenye khanga shingoni. Hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho linadondoka bila kukauka, na jasho linalodondoka halipozi kitu. Barafu inapoza.

Chupa mbili kati ya hizo ni za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Pakiti moja kwa lita moja, si kwa nusu lita "ikolee", maana ikikolea inavuta maji kuingia tumboni na utaharisha njiani. Ukikosa pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dafu nakunywa nikimaliza, na chumvi ya kubana kwa vidole, kwa sababu lina potasiamu tele lakini sodiamu kidogo. Mwenye figo mbovu dafu aliache, potasiamu ikijaa inaharibu mapigo ya moyo.

Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kulizoea joto. Wiki ya kwanza nilikimbia dakika ishirini tu, polepole, na wenzangu wakanipita. Waache wapite. Wakata miwa vijana wa El Salvador na Nikaragua, wasio na kisukari wala presha, wameharibikiwa figo moja kwa moja, na kazi ngumu ya juani siku baada ya siku ni mshukiwa mkubwa.

Mkojo rangi ya maji ya limau, endelea. Rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kupima kriatinini subiri saa 48 bila mbio na usile nyama nyingi usiku wa kuamkia kipimo, la sivyo majibu yatakutisha bure.

Moshi nilimaliza nikiwa nimepungua kilo moja na robo. Nilikojoa kabla hata sijavua viatu. Siku ya tatu kriatinini ilisoma 88.