Nilivyoupima utabiri wa mvua kwa chupa na daftari

Mvua ikinyesha siku iliyotabiriwa jua, neno kuhusu watabiri wa hali ya hewa ni lilelile: "Hawa wanapiga ramli tu." Lawama hiyo haina hesabu nyuma yake. Siku tuliyolowa tunaikumbuka, na siku utabiri uliposema kweli hakuna anayeiandika. Basi mimi niliziandika zote, msimu mzima, pamoja na maji yaliyodondoka. Vifaa ni chupa ya plastiki, rula na daftari.

Chupa iwe ya lita 2, ubavu umenyooka, bila kiuno wala mikunjo. Ikate pale inapoanza kubana kuelekea mdomoni, toa kifuniko, kisha kigeuze kile kipande cha juu ukitumbukize kama faneli ndani ya kipande cha chini. Faneli hiyo hupunguza maji yanayopotea kwa jua. Usitumie faneli nyingine pana kuliko chupa, maana itakusanya maji ya eneo kubwa na kipimo kitazidi. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo weka kokoto, mimina maji hadi yazifunike, kisha piga mstari. Hapo ndipo sifuri. Kuanzia mstari huo, kimo cha milimita 1 ni mvua ya milimita 1, yaani lita 1 kwa kila mita ya mraba.

Kosa linalowaponyoka wengi ni la siku kavu. Maji ya sifuri hukauka kidogo kidogo, na mvua ya kwanza ikija huanza kwa kujaza pengo hilo, hivyo unasoma pungufu. Kila asubuhi rudisha maji kwenye mstari, mvua iwe imenyesha au la.

Chupa ikae mbali na ukuta au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake: nyumba ya mita 4, mita 8. Mdomo uwe juu ya ardhi kwa sentimita 30 hivi, ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Ukiupandisha sana, upepo hupitisha matone juu ya mdomo badala ya kuyaacha yaingie. Paani ni mahali pabaya kwa sababu hiyohiyo.

Ninasoma saa 3 asubuhi na saa 3 usiku, na pembeni naandika mvua ilianza saa ngapi. Utabiri wa "kesho" kwa kawaida huhesabiwa toka usiku wa manane hadi usiku wa manane. Mvua ya saa 10 alfajiri ukiiandika chini ya jana kwa vile ulilala ukiisubiri, umemsingizia mtabiri.

Utabiri nao unaandikwa kwa wino kabla ya siku kufika. Hili halina mjadala. Programu za simu hubadilisha zilichosema bila kuacha alama. Modeli kubwa za dunia, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa, huanza hesabu upya kila siku saa 00, 06, 12 na 18 kwa saa za UTC (saa za kimataifa), na picha ya asubuhi mchana haipo tena. Mimi naandika mara moja tu, saa 2 usiku: asilimia ya uwezekano wa mvua ya kesho, ya siku ya tatu na ya siku ya saba, kila moja kwenye safu yake. Siku ya mvua ni ile iliyofikisha milimita 1. Kizingiti hicho kiwekwe mapema, la sivyo manyunyu yasiyolowesha hata vumbi utayahesabu kulingana na hasira zako.

Sasa hesabu. Kishawishi ni kutafuta "amepatia asilimia ngapi", na hapo kuna mtego wa siku nyingi. Mwaka 1884 John Park Finley wa jeshi la Marekani alitangaza kwamba utabiri wake wa tornado (kimbunga chembamba kinachozunguka kwa kasi) ulikuwa sahihi kwa asilimia 96.6. Kati ya tabiri 2,803, alisema tornado itatokea mara 100, ikatokea 28. Nyingine 23 zilikuja akiwa amesema hakuna. Wakosoaji wakaonyesha kwamba angesema "hakuna tornado" kila mara angepata asilimia 98.2, bila kumwonya mtu yeyote. Katika kiangazi hata mimi nakuwa mtabiri hodari kwa njia hiyo. Ndiyo maana natenganisha maswali mawili: katika siku zilizonyesha, ngapi zilitabiriwa? Na katika siku zilizotabiriwa mvua, ngapi zilibaki kavu?

Kwa asilimia ninatumia alama ya Brier ya mwaka 1950, kipimo cha ukubwa wa makosa ya utabiri. Geuza asilimia iwe desimali, toa 1 kama ilinyesha au 0 kama haikunyesha, zidisha jibu kwa lenyewe. Walisema 70, ikanyesha: 0.09. Haikunyesha: 0.49. Tafuta wastani wa msimu. Mdogo ndio bora. Cha kulinganisha nacho ni mtu anayetaja asilimia ileile kila siku. Kama msimu wako hunyesha siku 3 kati ya 10, yeye akitaja 30 hupata 0.21. Safu yoyote iliyovuka hapo, hasa ile ya siku ya saba, haikuongezei kitu.

Halafu zikusanye pamoja siku zote zilizoandikwa asilimia 30. Zikiwa 20 na zikanyesha kama 6, mtabiri ni mkweli, hata kama siku hizo 6 zilikukera. Ukikuta 1 au 12, ndipo una kesi. Usihukumu kwa siku tano.

Kuna kitu daftari haliwezi kukitatua. Wingu la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, na modeli inayoigawa ramani katika visanduku vya kilomita 9 haioni ni kiwanja kipi kitalowa. Mvua za mfumo mpana, zinazofunika eneo kubwa, hutabirika vizuri zaidi. Mbaya kuliko yote ni kile kijipicha cha wingu kwenye simu: saa moja yenye uwezekano wa 40 inaweza kuchorwa radi ya siku nzima. Sikiandiki kabisa.

Tuseme ni siku ya kumwaga zege. Kulifunika kwa turubai kunagharimu sehemu 1, kuahirisha kunagharimu 3, zege likiharibika unapoteza 5. Gawanya gharama kwa hasara: turubai linalipa uwezekano ukivuka asilimia 20, kuahirisha, pale usipokuwa na turubai, ukivuka 60. Utabiri ukisema 40, mwaga na ufunike. Na kama daftari linaonyesha siku za "40" huko kwako hunyesha 3 tu kati ya 10, ingiza 30 kwenye hesabu. Turubai bado linahitajika.