Kamera za Mjomba Zilikuwa Hazijafa: Nilivyozirudisha Betri Zake

Mjomba wangu aliporudi Tanga kutoka Muscat, alikokwenda kukaa na watoto wake, alikuta kamera zote nne za nyumba yake ya Raskazone zimezima. Ni zile zisizo na waya, zenye betri ndani na kipaneli kidogo cha sola pembeni. Nyumba ilikuwa imefungwa miezi mingi, umeme umezimwa kwenye meni swichi. Alizichomeka kwenye chaji, taa haikuwaka hata moja. Fundi aliyemwita aliziangalia akamwambia, "Mzee wangu, betri za namna hii zikiisha zimeisha. Nunua mpya tu." Mjomba aliposikia bei ya seti mpya akanipigia simu.

Nilimwomba asitupe kitu mpaka nifike. Betri za lithiamu nimezishika sana, za tochi, za pawabenki, za laptopu za zamani, na ninajua kwamba nyingi zinazoitwa maiti zimefungiwa tu. Inaniuma kuona vitu vizima vinatupwa kwa sababu hakuna aliyechukua mita ya kupimia volti akapima.

Ndani ya kamera hizi mara nyingi mna betri aina ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Volti zake za kawaida ni 3.7 hivi, na ikijaa inafika 4.2. Kwenye pakiti nyingi kuna bodi ndogo ya ulinzi iliyobandikwa kichwani mwa betri, chini ya utepe wa manjano. Betri ikishuka mpaka karibu volti 2.5, bodi hiyo inakata njia, umeme usitoke tena. Kuanzia hapo ukipima kwenye nyaya unasoma sifuri, na mtu anaweza kuapa kwamba betri imekufa, kumbe ndani bado kuna uhai. Ila betri ikikaa muda mrefu chini ya volti 2, shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka, na ukija kuichaji shaba hiyo inajijenga mahali pasipotakiwa na inaweza kuunganisha chanya na hasi humo humo ndani. Betri ya hivyo haifufuliwi. Kazi yangu yote Raskazone ilikuwa kuzitenga zilizofungiwa na zilizokufa kweli.

Nilianza bila kufungua skrubu hata moja. Tundu za chaji za kamera mbili zilikuwa na kutu ya kijani. Raskazone ni baharini, upepo wa chumvi unaingia kila mahali, na kile kifuniko cha mpira cha kuzuia maji kilikuwa kimekakamaa, hakizibi tena. Nilichovya mswaki wa zamani kwenye spiriti, nikasugua taratibu, nikaacha pakauke kabisa. Kisha nikabadilisha waya. Mjomba alikuwa akitumia waya mrefu mwembamba, aina inayochaji simu kwa kusuasua, na umeme mwingi unapotelea njiani. Nikaleta mfupi mnene na chaja ya volti 5 na ampea 2, nikaziacha kamera usiku kucha sakafuni juu ya vigae, mbali na mapazia na makochi.

Hapo ndipo subira inapohitajika. Betri iliyoshuka sana haipewi umeme mwingi kwa mpigo. Saketi nzuri ya kuchaji inaanza na mkondo mdogo mno, kama mtu aliyeshinda na njaa siku nyingi anavyoanzishiwa uji mwepesi kabla ya ugali. Kwa hiyo dakika kumi za mwanzo, hata saa nzima, kamera inaweza isionyeshe dalili yoyote. Asubuhi moja kati ya zile nne ilikuwa na taa nyekundu, na kabla ya adhuhuri ikawa inaongea na simu ya mjomba. Hiyo ikawa imepona bila kufunguliwa.

Ya pili ilikuwa ya geti, na hii nilitaka niifungue kwa mkono wangu. Skrubu zake nne zimefichwa chini ya vibandiko vya mpira. Ndani kuna pakiti ya betri mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikitoa waya mwekundu na mweusi mpaka kwenye kiunganishi cheupe. Nikapima kwenye kiunganishi: sifuri. Nikachana utepe kidogo kwa kucha, nikagusisha ncha za mita kwenye betri zenyewe, nyuma ya ile bodi ya ulinzi. Mita ikasoma 2.3. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa. Nikamwonyesha ile namba, nikamwambia, "Mjomba, hii imelala tu." Akainama akaisoma mwenyewe.

Chaji ya kamera ilishindwa kuiamsha kwa kuwa ilikuwa inaona sifuri, ikadhani hakuna betri. Nilitumia bodi ya kuchajia ya TP4056, ambayo maduka ya vifaa vya elektroniki wanaiuza kwa bei ndogo. Uzuri wake ni kwamba betri ikiwa chini ya volti 2.9 inaichaji kwa takribani sehemu moja ya kumi ya mkondo wake wa kawaida, ikivuka hapo inaongeza, na ikifika 4.2 inasimama yenyewe. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, na unahakikisha kwa mita kabla hujaunganisha. Nilikaa nayo karibu muda wote, naigusa kwa kiganja. Ikibaki ya uvuguvugu mdogo, sawa. Ingepata joto la kushtua ningeitoa nje hapo hapo nikaiweka juu ya mchanga. Haikupata. Bodi ya ulinzi ilipoona umeme unaingia ikafungua njia, na nyaya zikaanza kusoma volti tena.

Wapo wanaofundisha kuishtua betri kwa kuigusisha na betri ya volti 9, au kuifunga sambamba na nyingine iliyojaa. Siwaungi mkono hata kidogo. Hapo hakuna kinachozuia mkondo, umeme unamiminika wote kwa pamoja, na lithiamu ikishika moto ndani ya nyumba huna muda wa kutafuta ndoo ya maji.

Kamera ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi kuhusu pakiti za betri mbili. Ilichajika vizuri, ikajaa, lakini baada ya muda mfupi ikashuka sana bila kufanya kazi yoyote. Nikazitenganisha betri zake, nikachaji kila moja peke yake mpaka 4.2, nikaziacha mezani bila kuzigusa. Moja ikabaki juu ya 4.1. Ya pili ikawa inateremka kila nilipopima mpaka ikapita 3.8, na bado inashuka. Zilipokuwa zimefungwa pamoja, mbovu ilikuwa inaikamua nzima. Mtu angepima pakiti nzima angezihukumu zote mbili.

Ya nne betri zake zilisoma chini ya volti moja. Sikuzijaribu.

Kwa hiyo nilihitaji betri za kununua, na hapa naomba msomaji awe macho. Sokoni utaonyeshwa 18650 iliyoandikwa mili-ampea-saa 9,900, yaani kiasi cha umeme inachobeba, kwa herufi kubwa za dhahabu. Hakuna 18650 ya namna hiyo. Zilizo bora kabisa zinazunguka 3,500 hadi 4,000. Namna rahisi ya kuzitambua za uongo ni uzito: betri halisi ina gramu kama 45 au zaidi, na nyingi za uongo ni nyepesi, kwa sababu ndani wamejaza kitu kingine. Shangazi hupika keki za oda, nikaazima mzani wake nikaenda nao dukani. Muuzaji alicheka mwanzoni, kisha yeye mwenyewe akaanza kuchambua boksi lake kwa kupima moja moja. Nilichukua zilizoandikwa 2,600 zenye uzito wa kueleweka. Nunua zile zilizokwisha kubandikwa vipande vya nikeli, au mpe fundi mwenye mashine ya kubandikia. Kulehemu moja kwa moja kwenye kichwa cha betri kunaipa joto linaloiharibu. Na kabla ya kuzifunga mbili pamoja, zichaji zote zijae, zilingane volti, la sivyo yenye nyingi itamwagia yenye chache kwa nguvu.

Kuzirudisha betri peke yake kusingetosha, zingezima tena. Kamera hizi zinategemea kulala. Sensa ya joto la mwili inaziamsha mtu anapopita, zinarekodi, zinatuma, zinalala. Ruta, kile kifaa cha intaneti ya nyumbani, ilipozimwa zilikosa mtandao, zikawa zinautafuta na kuutafuta, na hiyo ni kazi nzito kwa betri. Ya geti ilikuwa na shida yake nyingine: ilitazama barabara, kila bodaboda ikipita inaamka, na usiku inawasha taa zake za kuonea gizani. Niliielekeza chini ione mlango wa geti na hatua chache za mbele yake, nikapunguza ukali wa sensa na urefu wa video.

Vipaneli vya sola vilikuwa vimebandikwa wima ukutani chini ya vigae vya paa. Tanga ipo nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita karibu juu ya utosi, kwa hiyo paneli iliyosimama wima chini ya paa inaambulia jua la asubuhi au la jioni tu. Niliviinua juu ya ukuta, nikavilaza vikiwa na mwinamo mdogo kuelekea kaskazini ili mvua ivioshe na maji yasituame, nikavifuta chumvi na vumbi. Kamera zenyewe nikaziacha kivulini. Kuchaji lithiamu ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45 kunaizeesha haraka, na kamera nyeusi inayopigwa na jua la saa nane mchana inafika huko kwa urahisi.

Zile betri zilizokufa nilizifunga utepe pande zote mbili, nikaziweka kwenye kopo lenye mchanga, zikasubiri mtu anayekusanya taka za elektroniki. Mjomba alitaka kuzitupa kwenye shimo la taka uani. Shimo hilo huwashwa moto kila baada ya muda, na watoto wa majirani hucheza pale, kwa hiyo nilimkatalia kwa heshima, akanielewa.

Safari yake nyingine ya Muscat tumeshakubaliana. Kama ruta inabaki inawaka, kamera zinabaki kazini. Kama nyumba inazimwa umeme, tunazishusha, tunazichaji mpaka karibu nusu, tunazizima kwa swichi yake, na zile zenye betri za kutoa tunazitoa. Zinakaa ndani kwenye kabati la sebuleni, mahali penye ubaridi, na mimi nina ufunguo wa kwenda kuzipima.