Bagamoyo huulizi saa, unauliza maji

Kazini kwangu Hamburg kulikuwa na mama mmoja wa makamo ambaye mshahara wake wote uliishia kwenye safari. Kila akirudi likizo ananifuata na picha. Siku moja akaniuliza: na mimi nikienda kwenu, nitafanya nini huko? Nikafikiri kidogo, nikamjibu, "Kuna bahari." Akasubiri niendelee. Sikuwa na la kuongeza.

Jibu lile lilinikera muda mrefu. Nimezaliwa Dunda, shule nimesoma Bagamoyo, bahari nimeichezea tangu sijajua kufunga kanga, lakini nani hutembea kwao kama mgeni? Kaole, kwenye magofu, nilipelekwa mara moja, darasa la tano, na ninachokumbuka ni mihogo ya kukaanga tuliyonunua njiani. Chuo cha Sanaa kwetu kilikuwa zile ngoma zinazomnyima mtu usingizi wa mchana. Saadani, hifadhi ya wanyama, sikuwahi kukanyaga. Basi niliporudi baada ya miaka 12, nikiwa na wiki tatu tu, nikasema safari hii nitaiona Bagamoyo kama mtu asiye na ndugu pale.

Mama mdogo hakulipenda neno hilo. "Asiye na ndugu akalale gesti," akasema, huku akinitandikia kitanda.

Kutoka Dar ni kama kilomita 70. Nilipoondoka daladala tulikuwa tunapandia Mwenge, sasa ni Makumbusho, na hilo nililijua baada ya kusimama Mwenge nusu saa kama nanga. Zamani ukishavuka Bunju unaanza kuona minazi na mashamba. Leo Mapinga na Kerege ni fremu za maduka na nyumba kwa nyumba. Kondakta alinisikia nikisema asante kwa kila kitu, hadi kwa chenji yangu mwenyewe, akaniambia, "Dada, wewe umetoka mbali."

Nilikuwa nimeandika ratiba kwenye simu, siku kwa siku, saa kwa saa. Jumatatu saa tatu asubuhi: mashua, mdomo wa mto Ruvu, viboko na mikoko. Mjomba alikuwa amenitafutia nahodha, mzee wa pale pwani. Saa tatu kamili niko mchangani na kofia, miwani na chupa ya maji. Bahari haipo. Maji yamerudi nyuma mbali kabisa, mashua zimelala ubavu kwenye tope, na kina mama wanapita na ndoo wakiokota chaza pale ambapo mimi nilitarajia kuelea. Nahodha kakaa juu ya gogo anashona wavu. Nikamnyooshea mkono. Akauangalia ule mkono, hakuupokea mpaka shikamoo iliponitoka.

"Marahaba, mwanangu. Jana usiku uliuona mwezi?"

Sikuuona. Nilikuwa ndani natazama simu.

"Ulikuwa mpevu. Leo bamvua. Wewe umekulia hapa, huko ulikokwenda walikunyang'anya mpaka mwezi?"

Akanifundisha upya, bila hasira, kama anavyofundishwa mtoto. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana. Kwetu siku hizo hujaa alfajiri na jioni, kwenye saa kumi na kitu, na kupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki yanakuja maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na asubuhi ndiyo yanajaa. Haya yote niliyajua nikiwa na miaka minane. Hamburg nako mto Elbe una kupwa na kujaa, lakini kule nilikuwa napita darajani na basi, sijali.

"Rudi saa tisa," akasema, akaendelea na wavu wake.

Tangu hapo ile ratiba nikaifuta, na ushauri wangu wote kwa anayetaka kuja Bagamoyo unaanzia kwa mzee yule. Kabla ya kuuliza chumba au usafiri, uliza maji. Yakijaa ni siku ya mashua na kuogelea. Yakipwa ni saa za kutembea, kuona wachukuzi wa samaki, kwenda magofu, kukaa na wachongaji kivulini.

Saa tisa tukaondoka na maji yanayopanda. Ruvu unaingia baharini kaskazini kidogo tu ya mji, na ukishaingia mdomoni mwake kelele zote zinakatika. Nilidhani mikoko ni mikoko. Nahodha akazima injini, akaanza kunitajia kama anayenijulisha kwa ukoo. Mlilana ndio unaotangulia mbele kuikabili bahari, na ndio wanaochongea mataruma, zile mbavu za mashua. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi iliyochutama kama miguu ya kaa, hutoa boriti. Mchu mizizi yake inachomoza topeni kama penseli zilizochomekwa. Kuna msinzi, kuna mkandaa ambao gome lake lilikuwa likitiwa kwenye dawa ya kulainishia ngozi na kutia rangi, na kuna mkomafi wenye tunda kubwa la duara ambalo sisi watoto tulilirushiana bila kujua limetoka kwenye mti gani. Yangeyange walikuwa wamejaa juu ya matawi, weupe kama nguo zilizoanikwa. Viboko tuliwaona masikio na pua tu, na nahodha hakutaka kusogea zaidi. Nikasema picha haitatoka vizuri. Akasema, "Isitoke."

Ukipata siku moja tu Bagamoyo, chagua hii. Mengine yote nitakayoyasema yanaweza kusubiri.

Kaole iko kama kilomita tano kusini mwa mji; chukua bajaji, na kama unataka kwenda kwa miguu kupitia ufukweni, nenda na mwenyeji, usijiendee peke yako na simu mkononi. Getini nikaulizwa, raia au mgeni, maana viingilio ni tofauti. Nikachelewa kujibu, sijui kwa nini. Mama mdogo akajibu kwa niaba yangu, kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: "Huyu mtoto wa hapa!"

Msikiti wa Kaole ni wa karne ya 13, mmojawapo wa mikongwe kabisa upande huu wa bara, kwa matumbawe na chokaa. Karibu yake kuna makaburi ya nguzo, mawe yaliyosimamishwa marefu kumzidi mtu, na baadhi yake yalikuwa yamepachikwa bakuli za Kichina. Kuna kisima ambacho maji yake ni baridi, hayana chumvi, na bahari iko hatua chache tu. Kuna mbuyu wa mamia ya miaka. Ukiuzunguka, wanasema, unaongezewa umri. Mama mdogo aliuzunguka mara mbili, kwa tahadhari.

Lakini kilichonishika mimi ni pale unaposimama ukaangalia baharini usiione bahari. Unaona mikoko. Wasimulizi wa pale wanasema ndiyo iliyoifunga bandari: tope likajaa, miti ikaota, majahazi yakashindwa kukaribia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Baada ya ile jioni ya Ruvu nililiamini jambo hilo bila kubishana. Niliitambua hata miti yenyewe, mchu huu, mkoko ule, imesimama juu ya gati ya watu.

Upande wa misheni utapelekwa tu, kila mwongoza watalii anaanzia huko, kwa hiyo sitarefusha. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868 na kujenga makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Mbuyu wao una mnyororo uliofungiwa punda zamani ukasahaulika, na mti umeumeza mpaka kimebaki kipande kifupi. Mnara wa kanisa la kwanza ndiko ulikolazwa mwili wa Livingstone mnamo Februari 1874, baada ya watumishi wake, akina Chuma na Susi, kuubeba kwa miezi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Yasemwa waliulaza pale wakingoja maji yajae ndipo upelekwe Unguja. Hata yeye, basi.

Makaburi ya Wajerumani niliyapita kwa bahati tu. Bagamoyo ilikuwa makao makuu yao mpaka 1891, na waliokufa kwenye vita vya Abushiri wamezikwa hapo. Utotoni yale mawe yalikuwa na michoro isiyosomeka. Safari hii nimesimama nikayasoma moja baada ya jingine, majina, vyeo, miji waliyotoka, na miji mingine nimeishi karibu nayo. Si mbali na hapo ndipo walipowanyongea watu wetu waliowapinga. Wao wamewekewa kibao kimoja cha pamoja, bila jina hata moja. Mama mdogo aliniuliza yale mawe yanasema nini. Nikamwambia, majina tu.

Sasa sanaa. Watu wanadhani ukija nje ya tamasha la TaSUBa, ndicho kile Chuo cha Sanaa, umekosa kila kitu. Mimi nilikuja hakuna tamasha, na ninashukuru. Tamasha ni jukwaa, taa na msongamano. Siku za kawaida ni mazoezi, na mazoezi ndiyo matamu. Chuo kilianza 1981, kikawa taasisi 2007, na bado ni mahali ambapo mtoto wa Mtwara anamfundisha mtoto wa Mwanza sindimba na mwenzake anamlipa kwa bugobogobo, na majembe yake kabisa. Nilipita jioni moja, nikaomba ruhusa, nikapewa benchi. Wamerudia kipande kimoja mara tisa. Mwalimu hakuridhika hata na ya tisa. Ndizo ngoma zile zile zilizokuwa zikiniamsha, na kumbe kilichokuwa kikiniudhi ni kwamba hazikuwa zinaisha, zilikuwa zinaanza upya kila mara.

Hapo ndipo alipofundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, ambaye ilimba na zeze yake vilisikika mpaka Ulaya. Alifariki 2003. Nilimsikia kwenye redio ya jirani yangu Hamburg, usiku, theluji inaanguka, nikashindwa kumweleza jirani kwamba mtu yule alikuwa akiishi mtaa wa pili kutoka kwetu.

Wachoraji na wachongaji utawakuta kwenye nyumba za mawe za mji mkongwe, vibarazani. Usinunue siku ya kwanza. Kaa, kunywa kahawa, waulize. Mmoja alinieleza kwamba rangi wanazochorea picha za Tingatinga ni za mafuta zile za kupaka baiskeli, kama alivyoanza mwenyewe Edward Said Tingatinga miaka ya 1960, kwenye vipande vya hadibodi, kwa sababu ndizo zilizopatikana. Mwingine akanipa vinyago viwili vinavyofanana, kimoja kila mkono. Kimoja chepesi. "Hicho ni mti mwingine, kimepigwa kiwi ya viatu," akasema. Mpingo wa kweli ni mzito, ukiutia majini unazama, na weusi wake uko ndani, si juu. Aliyenieleza hivyo ndiye nilinunua kwake, na sikumvutia bei sana. Ukishamwona mtu anapoteza siku nzima kwenye kidole kimoja cha kinyago, mdomo wa kuomba punguzo unakuwa mzito.

Soko la samaki nenda mashua zinaporudi. Mnada unakwenda haraka kuliko akili. Mimi nilikuna kichwa, nikauziwa ndoo ya vibua. Tulikula vibua siku tatu.

Saadani nilikwenda na binamu zangu kwa gari la kukodi, tukatoka alfajiri tukarudi usiku, na hilo lilikuwa kosa. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo pekee Tanzania Bara inayopakana na bahari: asubuhi umeona twiga na kuro, mchana unatembea ufukweni ambako kasa hutaga. Msitu wa Zaraninge una mbega. Mto Wami una mamba. Vyote hivyo sisi tulivipita tukiangalia saa. Mwenye uwezo alale huko usiku mmoja.

Jana nimemwandikia yule mama wa Hamburg, barua ndefu, nikamweleza mikoko kwa majina yake. Amejibu asubuhi hii hii: anakuja mwakani, nimpe tarehe akate tiketi. Nikashuka pwani kumuuliza nahodha. Kasema aje mwezi ukiwa na siku saba au nane, asubuhi kuna maji na hayana haraka. Tarehe ya kizungu akaitafute mwenyewe.