Ngadas, kijiji kinachopitwa usiku

Anayetoka mji wa Malang, Java Mashariki nchini Indonesia, kwenda kutazama jua likichomoza kwenye volkano ya Bromo kwa njia ya Tumpang lazima apite Ngadas, na karibu wote hupita wakiwa usingizini. Land Cruiser za zamani zinaondoka Tumpang kama saa nane usiku, zinapanda kupitia Gubugklakah, zinakatiza katikati ya kijiji watu wamelala, kisha zinafika njia panda ya Jemplang. Njia moja inateremkia kwenye uwanda wa mchanga wa Bromo, nyingine inakwenda Ranu Pani, wanakoanzia safari wapandaji wa mlima Semeru, volkano nyingine. Watalii wanapiga picha, wananunua kofia za sufu, na mchana wamesharudi mjini. Ngadas kwao ni kibao cha barabarani tu.

Mimi nilisoma Malang, ila nimezaliwa Isongole, Rungwe, kwenye ukungu na viazi mviringo, chini ya mlima ambao nao ni volkano. Ndiyo maana Ngadas nilisimamishwa na mashamba kabla ya kitu kingine chochote. Kijiji kipo kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bromo Tengger Semeru, nyumba zimebanana juu ya mgongo wa kilima, na kuanzia ukuta wa nyumba ya mwisho ni viazi, kabichi na vitunguu vya majani mpaka bondeni. Mteremko ni mkali kiasi kwamba mtu anapalilia goti moja limeegemea tuta lililo juu yake. Udongo ni mweusi, mwepesi, unapukutika mkononi. Majivu ya volkano yamefanya kazi hapo kwa karne nyingi, na mkulima wa viazi akiushika udongo ule anatamani kuubeba.

Wenyeji ni Watengger, Wajava wa milimani walioshika mila zao wakati mabonde yote yaliyowazunguka yalishabadilika. Ukiingia nyumbani kwao usitegemee kukalishwa sebuleni. Mgeni anapelekwa jikoni. Mama aliyenipokea alinivuta mkono, "Njoo huku kwenye moto, mwanangu, huko mbele utaganda," akanisogezea kigoda. Jiko ni la udongo, kuni zinaingizwa kwa mbele, na juu yake wametundika mahindi meupe yakauke kwa moshi. Familia nzima inaota moto pale, kila mmoja amejifunga saruni mabegani, fundo likiwa shingoni. Desturi hiyo wanaiita gegeni, na mambo yote ya nyumba yanaamuliwa hapo: posa, bei ya mbolea, nani amsaidie nani kuvuna kesho.

Mama yule alikuwa anachambua mbegu. Anachukua kiazi, anakizungusha kwenye mwanga wa moto, anatazama macho. Chenye chipukizi fupi na nene kinaingia kwenye kapu la kulia. Chenye chipukizi refu jembamba kinakwenda chunguni. Kilichobonyea kidogo tu anakitupa mlangoni bila kukitazama mara ya pili. Marehemu bibi yangu alichambua hivyo hivyo, na nilipomwambia mama yule, akanisukumia kapu tufanye pamoja. Tulifanya mpaka usiku, tukala aron, chakula cha mahindi meupe yanayolowekwa, yakasagwa na kupikwa kwa mvuke. Kinafanana na ugali uliokaukiana, na kwa mboga ya majani yenye pilipili kinashuka vizuri sana.

Kitu kimoja naomba kila anayenisoma akielewe kuhusu Ngadas: ardhi yao haiuzwi kwa mtu wa nje. Ni kanuni ya mila, na wanaishika kwelikweli. Shamba linarithiwa, linagawanywa, linaweza kuuzwa kwa mwanakijiji mwenzako, lakini tajiri wa Surabaya hawezi kuja na fedha zake akanunua kilima chenye mandhari nzuri. Mamia ya magari ya jeep yanapita mlangoni pao, na bado mgeni akitaka kulala analala katika chumba cha mtu na kulipa mwenye nyumba mkono kwa mkono. Nimeona milima mingi ikinunuliwa kidogo kidogo mpaka watoto wa wenyeji wanabaki vibarua na walinzi wa mageti kwenye mashamba ya babu zao. Hilo Ngadas halijatokea, na halikuzuiwa na mradi wa mtu yeyote. Limezuiwa na watu waliokubaliana na kushikilia neno lao.

Dini ziko tatu. Serikali ya Indonesia ilipowabana raia wote wawe na dini inayotambuliwa, vijiji vingi vya Tengger viliandikishwa kuwa vya Wahindu, lakini Ngadas wengi waliandikwa Wabudha, na Waislamu nao wapo. Ukiwa kijijini unaona vihara, yaani hekalu la Kibudha, msikiti na hekalu la Kihindu, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa wanasali sehemu tofauti. Sikukuu ya Karo inapofika wote wanaisherehekea, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ukiingia lazima ule.

Halafu kuna Kasada, usiku wa mbalamwezi katika mwezi wa mwisho wa kalenda yao. Wanasimulia kwamba Roro Anteng na mumewe Joko Seger, wazee wao wa kale, walikosa mtoto, wakaomba mlimani, wakapewa watoto 25 kwa ahadi kwamba wa mwisho atarudishwa. Wazazi hawakuweza. Mlima wenyewe ukamchukua Kesuma, yule mtoto wa mwisho, na sauti yake ikaagiza ndugu zake wawe wanaleta mazao kila mwaka. Basi vijiji vinashuka na mizigo ya mazao mpaka hekalu la Poten katikati ya mchanga, na kabla jua halijatoka watu wanapanda ngazi hadi ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, wanatupa kabichi, viazi, kuku, hata mbuzi. Chini kidogo, ndani kabisa ya ukingo, wamesimama watu wengine na nyavu wanavidaka. Hakuna anayekasirika. Sadaka ikishatoka mkononi imeshafika.

Mlima wenyewe hauna mzaha. Mwishoni mwa mwaka 2010 Bromo ilianza kutapika majivu ikaendelea mpaka 2011, na mashamba ya vijiji vya upande wa Probolinggo yakafunikwa. Tarehe 4 Desemba 2021 ilikuwa zamu ya Semeru: mtiririko wa majivu na gesi za moto ulishuka upande wa Lumajang, ukaua watu zaidi ya 50 na kuvunja daraja la Gladak Perak. Ngadas iko upande mwingine, ikasalimika.

Kinachonitia hofu zaidi ni mvua. Matuta mengi ya Tengger yanashuka na mteremko badala ya kuukinga. Kwetu bwana shamba angepiga kelele, lakini mkulima ana sababu yake: maji yakituama kwenye tuta, viazi vinaoza vyote. Hivyo maji yanaachiwa njia, na yanaondoka na udongo. Nenda Ranu Pani uone ziwa lilivyopungua kina kwa matope ya mashambani, na kuna miaka lilifunikwa lote na magugu ya majini. Udongo ule mweusi niliotamani kuubeba ndio umelala chini ya ziwa. Vizuizi vya nyasi ndefu kila baada ya matuta kadhaa vingesaidia, na jambo hilo nililisema pale jikoni. Mzee wa nyumba akajibu kwamba kila mstari wa nyasi ni mstari mmoja wa viazi uliopotea, na shamba lake ni dogo. Bado naamini nyasi zinafaa, na namwelewa kabisa.

Kwa Waswahili mnaosoma Malang: panda angkot (daladala ndogo) ya Tumpang pale kituo cha Arjosari, kisha Tumpang tafuta pikipiki au jeep ya kukupandisha, na uende mchana. Beba koti zito, hasa Julai na Agosti, kwa sababu asubuhi nyingine baridi inakaribia sifuri. Omba kulala kwa mtu, usiogope kuingia jikoni, na ukiondoka nunua viazi kwao, kilo nyingi kadiri unavyoweza kubeba.