Huyu mama mwenye Nobel, Mary Brunkow, angepita kwenye fomu yangu?

Wiki iliyopita nilikuwa najaza fomu ya kupanda daraja, nikafika kwenye boksi la h indeksi. Yangu 4. Jamaa tunayeshea ofisi ana 11 na huwa anaitaja kama mtu anayekutajia plate namba ya gari jipya.

Kwa wasiojua, hii kitu, namba ya kupima pepa zako (makala za utafiti) zinanukuliwa kiasi gani na wenzako, aliileta mwanafizikia mmoja, Jorge Hirsch, mwaka 2005. Ukiwa na pepa 10 na kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10, basi. Sasa uwe na pepa moja tu duniani imenukuliwa mara elfu tano, h yako ni 1, hata ulie.

Nikaiacha fomu nikaenda kumsoma Shimon Sakaguchi, yule Mjapani wa Osaka wa Nobel ya tiba 2025, maana kwa mambo ya kinga ya mwili ukitaka mtu aliyenukuliwa mpaka basi ndio huyo. Ila alikoanzia jamani. Miaka ya 70 kila mtu alikuwa anakimbilia seli za kukandamiza kinga, kufika miaka ya 80 ushahidi mwingi ukaonekana hausimami, watu wakaikimbia hiyo mada kama deni, yeye akabaki. Alikuwa na panya walioondolewa tezi ya thaimasi, ile ya kifuani zinakokomaa seli T za kinga, siku ya tatu tu baada ya kuzaliwa, kinga yao inaanza kuwashambulia wenyewe, lakini ukiwapa seli T kutoka kwa panya wazima wanasalimika, kwa hiyo kuna kitu humo kwenye hizo seli kinatuliza mambo. Mwaka 1995 akakionyesha: ni seli T zenye alama ya CD25, protini iliyo juu yake.

Na hapa ndipo mimi naona siri ya kunukuliwa kwake ilipo. CD25 ni kama mpini, unaagiza antibodi yake (protini inayoinasa alama hiyo), unazichambua hizo seli kwenye mashine, unarudia jaribio kwako, huhitaji kumwamini Sakaguchi kwa maneno. Kila maabara ikashika, na kila aliyeshika akamtaja.

Sasa njoo kwa Mary Brunkow, wamegawana naye Nobel hiyohiyo pamoja na Fred Ramsdell. Hawa wawili walikuwa kwenye kampuni huko Bothell, karibu na Seattle, wakatafuta jeni inayowaumiza panya wanaoitwa scurfy, ambao kinga yao inawashambulia wenyewe. Wakabanabana kromosomu X mpaka zikabaki jeni 20, wakapima moja moja, na iliyokuwa mbovu ilikuwa ya 20, ya mwisho kabisa!! Hiyo ndio FOXP3, pepa ikatoka 2001, wakaonyesha pia kwamba watoto wenye IPEX, ugonjwa wa nadra ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe, wana hitilafu kwenye jeni hiyohiyo, na 2003 Sakaguchi na wengine wakaonyesha ndiyo inayoziendesha zile seli zake.

Brunkow sio profesa, ni meneja wa programu kwenye taasisi moja huko Seattle, na orodha yake ya pepa ukiiweka pembeni ya ya Sakaguchi ni fupi sana. Ukikaa kampuni hulipwi kwa kuandika pepa. Simu ya kumpa habari ya Nobel kutoka Sweden ilipoingia akaona namba akadhani matapeli, yaani kama sisi na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii".

Sisemi namba ni uongo, za Sakaguchi zinasema kweli kabisa, ila zinachosema ni watu wangapi wameitumia kazi yako mezani kwao. Ndio maana pepa ya Lowry ya 1951 ya kupima protini imenukuliwa zaidi ya mara laki tatu na hakuna mtu anayebishania habari zake kwenye chai.

Hata mimi, kwa udogo wangu, pepa yangu inayotajwa kuliko zote sio ile iliyonila miaka mitatu na nywele, ni kale kapepa ka kurasa nne ka namna ya kutunza sampuli za damu umeme ukikatika.

Nikajaza 4 yangu, nikasaini, nikapeleka kwa sekretari. Akaigeuza kurasa mbili tatu akanirudishia, wanataka wino mweusi.